Ziara ya miguu kwenye nyumba za Mji Mkongwe, Unguja: nini cha kudai, nini cha kuruka

Ziara ya kuongozwa ya Mji Mkongwe huuzwa kila kona ya Shangani na Forodhani, na karibu zote zina umbo moja: muda wa saa mbili hadi tatu, Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) kwa mbali, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini, milango mitano sita ya kupigia picha, kisha nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury na kuagana. Kwa anayefika Zanzibar mara ya kwanza, inatosha. Kwa anayetaka kujua nyumba zenyewe, zilijengwaje na nani walikaa ndani, ni pesa iliyopotea. Kasoro yake kubwa ni kwamba inasoma mlango na kuishia mlangoni, ilhali tajiri yeyote aliweza kuagiza mlango. Upana wa chumba, mahali ngazi ilipowekwa na kama ukuta wa mbele una duka au hauna, hivyo ndivyo vinavyomtaja mwenye nyumba.

Kwa hiyo tafuta ziara ya nyumba tu, na uitaje hivyo unapopatana na mtembezaji. Sharti la kwanza ni kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Asiyekuwa nacho ni papasi, na papasi akikuingiza kwenye ua wa watu bila idhini, aibu ni yako. La pili, elewaneni kama bei ni ya kundi au ya kichwa, na kama viingilio vya makumbusho vimo ndani yake. Mara nyingi havimo, na hapo ndipo ugomvi wa mwisho wa ziara unapozaliwa. La tatu, dai ziara kwa Kiswahili. Maelezo mengi yametungwa kwa ajili ya mgeni wa Ulaya, na mtembezaji akiyatafsiri neno kwa neno, mswahili anaelezwa maana ya baraza kama vile hajawahi kukaa barazani. Mwache aanze upya: atataja daka (sehemu ya kuingilia mlangoni), ukumbi, boriti, roshani na sakafu kwa majina yake, na utashangaa jinsi maelezo yanavyokuwa marefu zaidi.

Kabla hujatoa pesa, mpime kwa maswali mawili. Kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba? Na baada ya 1964, alikaa nani humu? Anayejibu yote mawili bila kusitasita anaijua kazi. Anayekimbilia hadithi za mizimu, mshukuru umpite.

Jibu la swali la kwanza ni boriti. Dari ya nyumba ya kale ya Unguja imebebwa na miti ya mikoko, na boriti nzuri ya mkoko hubeba kwa usalama nafasi ya mita mbili na nusu, pengine tatu. Basi fundi hakuwa na hiari: kuta mbili nene zikae sambamba, umbali usizidi mita tatu, na chumba kikihitaji ukubwa kirefushwe. Ingia chumba chochote cha zamani ukipime kwa hatua. Ukivuka upande mwembamba kwa hatua nne, uko kwenye nyumba ya boriti. Ukihitaji hatua saba nane bila nguzo katikati, basi kuna mbao za msaji zilizopasuliwa au vyuma vilivyoingizwa baadaye, na hapo mtembezaji anatakiwa aseme ni lini na kwa fedha ya nani. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na hakuna ziara ya kawaida inayokifundisha.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene sentimita hamsini na kuendelea, na nje zimepigwa lipu ya chokaa. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha zege la chokaa na kokoto linalopigwapigwa kwa vipande vya mti mpaka lishikane. Sakafu ya namna hiyo hufika sentimita thelathini au zaidi. Piga hesabu: unene huo ni kama nusu tani kwa kila mita ya mraba, kabla hakijawekwa kitanda wala kabati. Ndiyo maana nyumba hizi hazisamehe uvujaji. Maji yakipenya, sakafu inazidi uzito, na ncha za boriti zilizofukiwa ukutani, mahali pasipopitisha hewa, zinaoza bila mtu kuona. Katikati boriti inaonekana nzima, rangi yake nzuri, huku ncha imeshakuwa unga. Inapoachia haitoi onyo la maana.

Ziara nzuri lazima ipite kwenye nyumba moja angalau iliyo mbovu, kwa sababu nyumba iliyotengenezwa ikawa hoteli imefichwa kila kitu. Simama mtaani, usiingie chini ya roshani, na utazame ukuta kutoka chini kwenda juu. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha unatokana na msingi uliocheza. Mstari wa ufa unaolala sawasawa usawa wa sakafu ya ghorofa ni ncha za boriti zilizooza. Ukuta uliotoka tumbo maana yake ni kwamba maji yamekosha udongo wa katikati na nyuso mbili za ukuta zimeachana. Penye unga mweupe wa chumvi na lipu inayobanduka vipande vikubwa, tafuta saruji.

Saruji ni adui anayekuja kama rafiki. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni mwa ukuta ukakauka. Ukifunika ukuta huo kwa saruji, unyevu unakwama ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika kadhaa lipu inaanguka na kipande cha jiwe. Mwenye nyumba anapaka saruji tena, nene zaidi. Makosa mengine mawili yako juu: bafu lililoongezwa ghorofani, ambalo bomba lake likivuja huozesha dari ya chini, na tangi la maji juu ya paa. Lita elfu moja ni tani moja, imewekwa juu ya boriti ambazo huenda zina zaidi ya miaka mia. Mtembezaji asiyeweza kukuonyesha mambo haya kwa kidole anajua majina ya sultani tu.

Sasa aina za nyumba, maana hapa ndipo mkaaji anapoanza kuonekana. Nyumba ya Kiomani kwa nje imenyamaza: ukuta mweupe mtupu, madirisha machache ya chini, mlango mkubwa mmoja. Ukivuka daka unakutana na baraza za kupokelea wanaume, kisha njia inapinda ili aliye mlangoni asione ndani. Katikati kuna ua, vyumba vimeuzunguka, familia iko juu penye upepo, chini ni ghala, jiko, watumwa na watumishi. Sehemu hiyo ya mwisho ziara nyingi huiruka. Unaonyeshwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za porseleni ghorofani, huonyeshwi chumba cha chini kisicho na dirisha. Idai. Mji huu ulitajirika kwa karafuu, pembe na watu waliouzwa, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na nyumba ya mfanyabiashara isiyo na maelezo ya ghorofa ya chini imeelezwa nusu.

Nyumba ya Kihindi ni kinyume chake. Uso wake ni duka, wenye milango ya mikunjo inayofunguka upana wote wa chumba. Familia inaishi nyuma na juu. Kiwanja ni chembamba na kirefu, kwa kuwa mbele ya mtaa wa biashara kila mtu alitaka kipande. Roshani za mbao zilizotobolewa nakshi hutokeza juu ya mtaa. Pita Hurumzi au Kiponda na utaona nyumba kumi za namna hii zimeegemeana kama watu kwenye foleni, na ndivyo zinavyoishi kwa kweli: ukibomoa moja bila kuitegemeza ya jirani, mbili zinakwenda.

Milango haina haja ya maelezo marefu, ila masahihisho mawili. Njumu za shaba zenye ncha huelezwa kuwa za kuzuia tembo. Umbo lilitoka Bara Hindi, na huko simulizi hiyo ina mahali pake, lakini katika vichochoro vya Unguja njumu ni pambo na cheo. Mnyororo uliochongwa pembeni mwa fremu huelezwa kuwa alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Mnyororo ni nakshi ya ukingo kama wimbi au jani la mtende, na peke yake hauthibitishi biashara ya mtu. Kinachosaidia ni umbo: kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa zamani zaidi, na tao la nusu duara juu ya mlango lilienea mwishoni mwa karne ya 19, kwa mkono wa mafundi wa Kihindi. Ukiona mwaka wa Hijria umechongwa juu, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1300 unakupa 1883. Mlango wenyewe, lakini, huhama; tajiri aliweza kuununua nyumba ilipobomolewa akaupachika kwake, kwa hiyo tarehe ya mlango isichukuliwe kuwa tarehe ya nyumba.

Kwa vituo vyenyewe, anzia Mizingani, upande wa bandari, kwenye jengo linaloitwa Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyeshika forodha ya sultani, alianza kulijenga 1887 kwa heshima ya miaka hamsini ya Malkia Victoria, akafa 1891 kabla halijakwisha, na mjane wake akalimaliza 1894. Mwaka 1900 lilipata mwenyewe mwingine, likawa zahanati chini na makazi juu. Shirika la Aga Khan lililifanyia ukarabati mkubwa miaka ya 1990. Halikuzaliwa kama nyumba, lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza roshani ya Kihindi: tazama jinsi nguzo za mbao zinavyopokeana ghorofa kwa ghorofa, na vioo vya rangi. Lipe nusu saa nzima. Nyumba aliyokaa Tharia mwenyewe iko Hurumzi, nyuma ya Beit al-Ajaib, na leo ni hoteli. Kupanda mpaka juu ya paa lake kunakuonyesha mji mzima ulivyopangwa, kitu ambacho mtaani hukioni.

Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib ziko jirani, na watembezaji huzichanganya. Beit al-Ajaib, ya Sultani Barghash, ilijengwa 1883 kwa ajili ya sherehe na hadhara. Watu wa kasri walikaa Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na madaraja ya juu yaliunganisha majumba hayo ili wanawake wapite bila kuonekana. Mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vya dakika 38 hivi, yaliiangamiza Beit al-Hukm na mnara uliokuwa mbele. Mnara unaouona leo kwenye uso wa Beit al-Ajaib ni wa ukarabati uliofuata. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo lihesabu kuwa kituo cha nje tu, na yale ya ncha za boriti na maji yanayopenya yakumbuke ukiwa umesimama pale. Ulizia mapema kama Beit al-Sahel iko wazi siku unayokwenda.

Kituo bora kuliko vyote ni makumbusho madogo ya Bibi Salme, Hurumzi. Huyu alizaliwa 1844 Beit al-Mtoni, nje ya mji upande wa kaskazini, binti wa Sultani Seyyid Said, na alijifundisha kuandika wakati hilo halikutazamiwa kwa mwanamke. Mwaka 1859 kalamu hiyo ilimtumikia kaka yake Barghash katika njama ya kumpindua kaka yao, Sultani Majid, njama ikashindwa. Baadaye akakaa mjini, jirani na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Paa la bapa la nyumba ya Ruete lilikuwa chini kidogo ya lake, akawa anaona karamu za Wazungu zikiendelea. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, aliondoka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, akaolewa, akaishi Hamburg, na kumbukumbu zake zikachapishwa 1886. Mtembezaji anayekuelezea mapenzi peke yake amekosa shabaha. Mwambie akupandishe paani na akuonyeshe jinsi mapaa yanavyokaribiana: mji uliojengwa ili mwanamke asionekane mtaani ulimwacha aone kila kitu juu. Simulizi nzima inasimama juu ya tofauti ya kimo cha sakafu mbili.

Shangani kuna nyumba ya Hamad bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefia Unguja 1905 baada ya misafara ya pembe na watumwa hadi ndani ya Kongo, na kuacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Kinachoonekana nje ni mlango mzito na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Usitarajie zaidi ya dakika kumi. Jirani ni jengo la ubalozi wa zamani wa Uingereza, lililotumika 1841 hadi 1874, ambamo maiti ya David Livingstone ililazwa mwaka huo wa mwisho ikielekea kwao. Nyumba inayobeba jina la Livingstone ni nyingine, iko mbali kule upande wa Malindi kuelekea Bububu. Ilijengwa kwa Sultani Majid karibu na 1860, na msafiri huyo aliitumia 1866 tu, akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Kama muda ni mfupi, iache.

Freddie Mercury tumwelezee bila ushabiki. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar 1946, mtoto wa karani wa serikali ya kikoloni, wa jamii ya Parsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi), na familia ikahamia Uingereza 1964. Walikaa katika fleti zaidi ya moja, na ndiyo maana utaonyeshwa majengo tofauti na watu tofauti, kila mmoja akiapa. Makumbusho ya barabara ya Kenyatta, yaliyofunguliwa 2019, yanamfaa mpenzi wa muziki. Kwa usanifu hayakuongezei kitu, isipokuwa swali zuri: familia ya karani ilipanga ghorofa gani, na nani alikuwa na duka chini?

Swali la pili la kumpima mtembezaji ndilo linalotenga ziara ya kawaida na ziara ya thamani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Waarabu na Wahindi wengi waliondoka, nyumba zao zikawa za serikali, na vyumba vikagawiwa familia kutoka Ng'ambo, yaani mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na Pemba. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikapata wapangaji sita au kumi. Ukumbi ukagawanywa kwa mbao, roshani ikawa jiko, choo kimoja kikahudumia wote, na paa likawa halina mwenyewe. Kila familia ilitengeneza chumba chake, hakuna aliyetengeneza mfereji wa maji wa juu, na uoza ukaanzia hapo. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia kwenye orodha ya UNESCO, lakini nyumba nyingi zimebaki kati ya serikali, wakfu na warithi waliotawanyika, na fundi hajui amwombe nani ruhusa. Hawa wapangaji nao ni wakaaji wa kihistoria, zaidi ya miaka sitini sasa, na alama zao ukutani zinasomeka kama zidaka za tajiri: waya wa umeme uliopigiliwa juu ya nakshi, dirisha lililozibwa kwa matofali ya saruji, ngazi ya pili iliyokatwa ili jirani wasikutane.

Anza saa mbili asubuhi. Jua la saa sita likishaingia vichochoroni hata nakshi huzioni vizuri. Siku inayofuata mvua ni bora kuliko siku kavu, mradi viatu viwe na soli inayoshika, kwa sababu madoa ya unyevu hujichora na unaona maji yanapita wapi. Kundi lisizidi watu sita; vichochoro vingine watu wawili hawapishani. Mabega na magoti yafunikwe. Barazani mwa watu toa salamu kwanza, piga hodi hata kama mlango uko wazi, na usielekeze kamera ndani ya ua. Mkaaji akikubali muingie, mpe chochote yeye mwenyewe mkononi, usipitishe kwa mtembezaji.

Alama: ziara ya kawaida, mbili kwa tano. Ya nyumba tu, kwa Kiswahili, ikiwa na paa moja, ghorofa ya chini moja na nyumba mbovu moja, nne na nusu. Nusu tumeiondoa kwa sababu viingilio bado hulipwa kimoja kimoja kila mlangoni, kwa hiyo beba noti ndogo ndogo.